Muda wa mazoezi uuombe kwa nani?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, niko Wete, Pemba. Mama yangu mzazi alipatwa na kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia umepooza. Anazungumza kidogo kidogo, anakaa akiegemezwa, lakini kusimama hawezi bila ya mtu. Mimi ndiye ninayemkosha, ninayemlisha, ninayembadilisha na ninayemgeuza usiku. Mume wangu anafanya kazi Unguja, huja mwisho wa mwezi. Nina watoto watatu, mkubwa ni mvulana wa miaka 16. Kaka yangu naye yuko Unguja, analeta pesa. Mdogo wangu wa kike ameolewa Chake Chake, hapa hapa Pemba. Juzi nimepimwa presha nikaambiwa 148 kwa 92, na uzito umezidi. Nikaambiwa nifanye mazoezi nusu saa kila siku. Nilijaribu kutoka alfajiri na kina mama wa kikundi, nikarudi nikamkuta mama amejichafua, analia. Tangu siku ile nikitoka nje naona kama ninamwibia. Na kwani hizi kazi za nyumbani si mazoezi? Mgongo unaniuma kila siku. Huo muda niupate wapi?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na pole sana kwa kuuguliwa. (Mimi si daktari wa dawa, ni mtaalamu wa viungo, ila jina hilo nimeshachoka kulikataa.)

Nianzie kwenye kazi za nyumbani, maana hapo ndipo watu wanapojibiwa ovyo. Wapo watakaokwambia kazi zako ni mazoezi tosha, na wapo watakaokwambia si kitu. Wote wamekosea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mpya mwaka 2020, na ndani yake kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa ni mwendo wa mwili kama mwendo mwengine. Tena mwongozo huo uliliondoa lile sharti la zamani la kwamba mwendo usiofika dakika 10 kwa mkupuo mmoja usihesabiwe. Kwa hivyo kufagia ua, kuchota maji na kupanda mlima wa kurudi sokoni na kapu mkononi, vyote vinaingia kwenye daftari.

Lakini itazame kazi yako ya kuuguza ilivyo. Unainama kumkosha. Unainua mzigo mzito kwa ghafla, halafu unakaa. Unamlisha kijiko baada ya kijiko, umekaa. Unasubiri ameze, umekaa. Usiku unaamka, unamgeuza, unarudi kulala. Moyo na mishipa vinataka mwendo unaoendelea, wa kukufanya uhemee juu juu kwa dakika kadhaa bila ya kukatika, na kazi yako haina kitu hicho. Mgongo ndio unaopokea uzito wote, na hakuna siku unayoujenga uweze kuupokea. Ndiyo maana unachoka mno, na presha bado inapanda.

Kipimo kinachotakiwa kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kutia nguvu misuli. Angalia neno wiki. Hiyo "nusu saa kila siku" uliyoambiwa ni njia moja tu ya kuzigawa dakika hizo, na kwa mtu anayeuguza ndiyo njia ngumu kuliko zote, kwa sababu siku zako hazifanani. Wewe chukua hesabu ya wiki nzima. Mwendo wa wastani utaujua hivi: unakwenda na mwenzio, unaweza kumsimulia habari za harusi ya jana, lakini ukitaka kuimba kaswida pumzi inakatika. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Ukishindwa kusimulia, punguza.

Na faida yake kwenye presha ni ya kweli. Mtu mwenye presha ya kupanda akishikilia mwendo wa namna hiyo kwa miezi, ile namba ya juu hushuka kwa kawaida baina ya 5 na 8. Kwako, hiyo ni kutoka 148 kuja kwenye 140 na kitu. Haikutoshi peke yake, kwa hivyo chumvi ipungue, na kama umeandikiwa dawa usiiache ati kwa kuwa umeanza kutembea. Kitu chengine ni kwamba faida hiyo haiwekwi akiba. Ukiacha mazoezi, baada ya wiki kadhaa presha inarudi ilikokuwa. Kwa sababu hiyo mimi nakutakia mpango mdogo ambao utakuwa nao mwakani, kuliko mkubwa utakaokufa mwezi wa pili.

Sasa muda. Nimeisoma barua yako nikitafuta pa kubana, sikupaona. Wataalamu wengi hapa wangekwambia uamke mapema zaidi. Mtu anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa, umwambie aamke mapema zaidi! Mimi sikwambii hivyo. Kwenye saa zako ishirini na nne muda haumo. Muda uko kwa watu wengine, na wewe hujawaomba. Nimewaona wauguzaji wengi wa majumbani, Unguja na Pemba, na walioweza kudumu na mazoezi karibu wote walikuwa na kitu kimoja: mtu anayejulikana, wa siku inayojulikana na saa inayojulikana, anayekuja kukaa na mgonjwa. Wenye bidii zaidi lakini wasio na mtu huyo huacha.

Na tatizo letu ni namna tunavyoomba. Tunasema "nisaidieni", au hatusemi kabisa tukingoja ndugu waone wenyewe. Ndugu hawaoni. Wakija, wanamkuta mama kakoshwa, katiwa manukato, kavalishwa kanga safi, wewe unatabasamu na chai iko mezani. Wataonaje? Jibu lao ni "Mashallah, mama kapata mtu", halafu wanapanda gari wanaondoka.

Mdogo wako wa Chake usimwambie akusaidie. Mwambie: "Kila Jumamosi nakutaka uwe hapa kuanzia alasiri mpaka magharibi, mama ni wako wewe." Chake na Wete si mbali. Akija na watoto wake, na waje, bibi yao atafurahi. Ila jambo moja ulishike: akifika, wewe toka. Usibaki jikoni kumpikia mgeni. Najua hili ni gumu kwa mwanamke wa Pemba kuliko mlima wowote nitakaokupandisha, kumwacha mdogo wako na mgonjwa bila hata ya kumtengea kitu. Basi mtengee mapema chupa ya chai na mkate, uvae raba zako, uondoke.

Kaka yako wa Unguja analeta pesa, Mungu amzidishie. Pesa nyingi za namna hiyo huishia kwenye chakula, dawa na nepi, na hakuna hata shilingi inayonunua saa za mtu. Mwambie wazi kwamba katika anacholeta, au juu ya anacholeta, unataka fungu dogo la kumpa mama mmoja wa jirani akae na mgonjwa siku mbili kwa wiki. Na kama mama ameshatimiza miaka 70, anastahiki pensheni jamii ambayo Serikali ya Zanzibar inawalipa wazee tangu 2016. Sehemu ya hiyo nayo ni halali kutumika kumlipa mtu wa kukaa na mama mwenyewe. Wanaume wengi wa familia hukubali haraka ombi lenye bei kuliko ombi la huruma. Siwalaumu, ndivyo walivyozoeshwa. Ila siku kaka yako akija Pemba, mwachie yeye saa mbili za kukaa na mama yake. Atarudi Unguja na akili nyengine, na mume wako naye vivyo hivyo kila mwisho wa mwezi.

Kijana wako wa miaka 16 nimemwacha mwisho kwa makusudi. Najua unachofikiri: mvulana hawezi kumbadilisha bibi yake, na bibi mwenyewe hatokubali. Ni kweli, na heshima ya mama lazima ilindwe. Lakini hebu rejea siku ile uliyotoka na kikundi. Ulitoka alfajiri, na kwa wagonjwa wengi hiyo ndiyo saa ya haja, baada ya usiku mzima. Kosa lilikuwa la saa. Ukitoka mara tu baada ya kumpeleka haja, kumkosha na kumbadilisha, una nafasi nzuri ya dakika 40 ambazo mgonjwa anachohitaji ni mtu wa kumpa maji, kumfukuzia nzi na kukuita kwa simu likitokea jambo. Hiyo kijana anaiweza, akisharudi skuli na chuo cha Kurani. Mfunze mambo mawili tu. Bibi awe amekaa, mgongo umeegemezwa kwa mito, asilazwe chali. Na kama bibi ni wa kupaliwa, asimlishe kitu, na hata maji asimpe mpaka wewe urudi. Wewe utajua kama ni wa kupaliwa: akinywa hukohoa, au sauti inakuwa kama ina maji ndani.

Kwa hivyo saa yako ni baada ya alasiri. Jua limepungua makali na wanawake wenzio wako njiani. Vile vikundi vya alfajiri ni vizuri, nami hufurahi nikiona Zanzibar nzima inavyojimwaga barabarani kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi. Lakini kikundi kina saa yake na kasi yake, hakimngoji mtu ambaye mama yake amechafua shuka. Usione haya kujitoa. Tafuta jirani mmoja wa kutembea naye. Mwenzio mmoja atakungoja robo saa, na siku ukitaka kuvunjika moyo atakuja kugonga mlango.

Hesabu yenyewe iwe hivi. Jumatatu na Alkhamisi, kijana au yule mama wa jirani akikaa, utembee dakika 35. Jumamosi, mdogo wako akiwepo, dakika 45. Hizo ni 115. Siku nne zilizobaki, dakika 10 za ndani ya nyumba kila siku, nitakazokueleza. Jumla ni 155, umeshavuka. Lakini usianzie hapo. Wiki mbili za mwanzo tembea dakika 15 tu, mwendo wa kawaida, halafu ongeza tano tano kila wiki. Wete imekaa mlimani, na mlima wa kupanda kutoka bandarini si wa kuuvamia siku ya kwanza. Chukua njia ya tambarare kwanza, mlima uuweke wa mwezi wa pili. Vaa raba, siyo kandambili. Baibui la kitambaa chepesi halimzuii mtu kutembea kwa kasi, lile zito lenye marembo mengi ndilo linalopika mtu.

Mgongo wako nautaka uangaliwe kabla ya kitu chochote, kwani ukiumia wewe mmeumia wawili. Niambie kama si hivi unavyofanya: unasimama mbele ya kitanda, unainama, unatia mikono chini ya kwapa za mama, unamvuta juu. Njia hiyo inakuvunja kiuno, na kwapa la upande uliopooza haliwezi kuvutwa. Misuli inayoshika bega la kulia imelegea, ukilivuta linashuka kutoka mahala pake na maumivu yake hayaishi upesi. Hata mkono wenyewe usimshike ukauvuta.

Fanya hivi. Weka kiti upande wake wa kushoto, ule wenye nguvu, kimeshikana na kitanda. Mkalishe ukingoni mwa kitanda mpaka nyayo zote mbili ziguse sakafu, na zirudishwe nyuma kidogo, chini ya magoti. Mzungushie kikoi kiunoni, kilichokunjwa mara mbili kikawa mshipi mpana, ukikaze. Wewe simama mbele yake, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, na goti lako lizibe goti lake la kulia lisije likakunjika. Kunja magoti yako, mgongo uachie wima, mshike kwenye kile kikoi kwa nyuma. Mwambie ainame mbele, kichwa kipite bega lako. Watu wengi wanamvuta mgonjwa kwenda juu, na mtu hasimami kwa kwenda juu, husimama kwa kwenda mbele kwanza. Jaribu mwenyewe kwenye kiti chako sasa hivi, utaona. Hesabuni pamoja, moja, mbili, tatu, na kwenye tatu wote wawili mnasukuma kwa mapaja, wewe unatoa pumzi. Usizuie pumzi hata mara moja wakati wa kuinua. Kuzuia pumzi kunaipandisha presha kwa ghafla, na wewe presha unayo. Mkishasimama, geukeni kidogo kidogo kwa nyayo, usijipinde kiuno, halafu mshushe.

Mara ya kwanza mfanye mkiwa watatu, kijana akiwa nyuma ya kiti kukizuia kisiteleze. Na kama spitali yenu ina mtaalamu wa viungo, muombe akuoneshe kwa macho. Kusoma na kushikwa mkono ni vitu viwili. Kama mama ni mzito na hajitii nguvu hata kidogo, usifanye peke yako kabisa.

Kumgeuza kitandani pia usitumie nguvu za mikono. Mkunje goti, vuta goti na nyonga pamoja, mwili wote utafuata. Na ukiwa unamkosha au kumbadilisha kitandani, pandisha goti lako moja juu ya kitanda. Kitu kidogo hicho, lakini kiuno kitakushukuru.

Zile dakika 10 za ndani sasa. Nimezichagua zikufae kwenye kazi hiyo hiyo ya kuinua, maana hakuna faida ya kukupa mazoezi ya kupendeza ambayo hayakusaidii kumsimamisha mama. La kwanza na kubwa ni kukaa na kusimama. Mkalishe mama kwenye kiti chake, wewe kaa kwenye kiti mbele yake, mikono ikunje kifuani, simama, kaa polepole, simama. Mara nane, pumzika, mara nane tena. Muombe mama ahesabu. Kwa mtu ambaye kiharusi kimemgusa maneno, kuhesabu kwa sauti ni mazoezi yake na yeye, na akikosea hesabu mtacheka. Zoezi hilo hilo ndilo litakaloyapa mapaja yako nguvu ya kubeba kile ambacho sasa hivi kinabebwa na kiuno.

La pili, simama mbali kidogo na ukuta, tia viganja ukutani, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, jisukume. Mara nane mpaka kumi. La tatu, lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyanyua makalio taratibu, hesabu tano, shusha, huku unapumua. Hili ndilo dawa ya mgongo kuliko kuukanda kwa mafuta, ingawa na mafuta sikukatazi. La mwisho ni kupanda na kushuka kizingiti au ngazi ya baraza kwa dakika tatu, uhemee. Wakati unangoja wali uive umeshaupalia makaa, ni muda tosha. Mazoezi ya kutia nguvu yanatakiwa siku mbili kwa wiki, wewe utakuwa unayafanya nne. Yakizoeleka, shika dumu la lita 5 lenye maji kifuani wakati wa kukaa na kusimama. Lita 5 ni kilo 5, huhitaji kununua chuma.

Kuna wanaosema sala tano ni mazoezi ya kutosha. Sala ni ibada, tuiache iwe ibada.

Mpango wowote Pemba lazima uulizwe: karafuu zikiiva? Msimu ukifika yule mama wa jirani hutomuona, yuko shamba, na mdogo wako wa Chake labda naye vile vile. Hapo ndipo mipango mingi inapovunjika na mtu akajiona mvivu. Wazo langu ni hili. Karafuu zilizochumwa zinahitaji siku kadhaa za jua, na muda wote huo kuna mtu amekaa kuzilinda zisinyeshewe, zisichambuliwe na kuku. Mkaribishe jirani atandike majamvi yake kwenye ua wako. Atakuwa amekaa tu, sasa akae pako, mama akiwa kwenye kiti kibarazani karibu naye. Mama naye, mkono wa kushoto si mzima? Mpe kapu dogo achambue makonyo. Mtu aliyezaliwa Pemba hasahau kuchambua karafuu. Wewe nenda ukatembee dakika zako 35.

Masika, mvua ikishika siku nzima, rudi kwenye yale ya ndani na uyafanye mara mbili kwa siku. Ramadhani tembea polepole nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi, ufike nyumbani karibu na kufuturu, au tembea baada ya tarawehe. Kama unakunywa dawa za presha, muulize daktari saa za kuzinywa kabla mwezi haujaandama.

Kuhusu kumwibia mama. Sitokwambia "usijisikie hivyo", kwani hisia haziondoki kwa amri. Nakuuliza tu: presha ya 148 ikiachwa miaka, inaleta nini? Unakijua, unakikosha kila siku. Kiharusi kilichomlaza mama kinatokana sana na presha isiyoshughulikiwa, na siku utakapolala wewe hakuna aliyejifunza kumgeuza. Masheikh wanaijua ile hadithi kuliko mimi, Mtume (s.a.w.) alipomwambia Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake. Na mwambie mama mwenyewe. Mwambie "Mama, naenda kutembea, nitarudi kabla ya magharibi", kila mara maneno yale yale, na urudi kweli saa ile ile. Wagonjwa wa kiharusi hushikwa na hofu pale wasipojua mtu kaenda wapi. Siku ile hakujua. Akizoea kwamba unaondoka na unarudi, kilio kitapungua.

Kuna siku nakukataza kufanya mazoezi. Ikiwa usiku umelala saa mbili tatu tu kwa kuamkaamka, halafu jioni mtu amekuja kukaa na mama, usitoke. Ingia chumbani ukalale. Mtu aliyekosa usingizi akatembea kwenye barabara yenye magari hajifanyii hisani. Na kama usiku wa namna hiyo ni wa kila siku, zamu ya usiku ndiyo ya kwanza kuiombea mtu, hata usiku mmoja kwa wiki, kabla ya hayo matembezi.

Kabla hujaanza, pima presha. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, usianze, muone daktari kwanza. Ukiwa njiani ukibanwa na kifua, ukaona kizunguzungu au pumzi haikai, simama na utafute msaada, usimalizie njia. Mgongo ukianza kupiga mpaka chini ya goti, mguu ukawa na ganzi, nenda spitali, na mkojo ukikushinda au ganzi ikikushika baina ya mapaja nenda siku hiyo hiyo. Na ikiwa unalia bila ya sababu, hupendi tena kitu ulichokuwa ukikipenda, au unaona bora usiamke, mwambie daktari hilo nalo kama unavyomwambia presha. Hutibiwa.

Baada ya miezi mitatu kapime tena. Fika mapema, nenda msalani kwanza, usinywe chai wala kahawa nusu saa kabla, ukae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea na mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Ile 148 huenda ulipimwa umetoka mbio, roho iko nyumbani kwa mama. Andika namba zote mbili na tarehe kwenye daftari, umpelekee daktari wako, na umwambie umetembea siku ngapi kwa wiki ili aamue na dawa.